Mtaa Wetu Nao Wastahili Kuchorwa

Mwambie mwanafunzi wa Umoja au Dandora achore nyumbani kwao, naye, mara nyingi, atakuletea kibanda cha nyasi, mto unaotiririka na mlima wenye theluji. Mwenyewe alilala ghorofa ya nne, na maji aliyapandisha kwa mtungi. Nimezisahihisha picha za namna hiyo kwa miaka mingi, na kila mara najiuliza ni nani aliyemfunza mtoto huyu kwamba makao yake hayafai kutiwa rangi.

Tusitafute mbali. Ni sisi walimu, tuliozoea kusifu picha ya ndovu na machweo, picha ambazo, kusema kweli, zilikusudiwa mtalii.

Katika Uholanzi ya karne ya 17, makanisa ya Kiprotestanti hayakuagiza tena picha za watakatifu. Wateja wa wachoraji wakawa wafanyabiashara na mafundi, watu waliopenda kutundika ukutani mambo waliyoyajua. Mnamo 1660 hivi, Johannes Vermeer alimchora mtumishi wa jikoni akimimina maziwa. Ukuta una msumari na matundu, na kioo kimoja cha dirisha kimevunjika. Jan Steen, aliyepata kukodi kiwanda cha pombe mjini Delft, alikuwa mtundu zaidi. Katika picha yake ya mwaka 1663, ambayo imehifadhiwa Vienna, mama mwenye nyumba amesinzia, mtoto anajaribu kiko, mbwa yuko mezani akila, na nguruwe ameingia ndani. Hadi leo Waholanzi huiita nyumba iliyovurugika nyumba ya Jan Steen.

Hata hivyo, Steen hakunakili tu aliyoyaona. Aliipanga fujo ile ili achekeshe na kuonya. Uhalisia, kwa maoni yangu, ni kuchagua bila kupamba.

Hapa Nairobi tunaye Patrick Mukabi, mchoraji wa wanawake wanene wa sokoni, ambao mara nyingi wametupa mgongo. Hawamtabasamii mnunuzi wa picha. Wana shughuli zao. Vijana wengi walijifunza kwake katika karakana ya Dust Depo, kwenye Makumbusho ya Reli. Huko Buruburu nako, wachoraji vijana walianzisha karakana ya Brush Tu mwaka 2013, katikati ya nyumba za watu.

Lakini tusidhani kwamba dawa ya machweo ni jaa la taka. Mtoto mwenye kamasi anayechorwa ili mgeni amhurumie ni bidhaa ileile, iliyobadilishwa rangi tu. Eastlands ina mengi kuliko dhiki: wanawake wakisukana ngazini Jumapili, wazee wa Kaloleni wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda, mama mboga akikatakata sukuma wiki huku akimkumbusha mteja deni la juzi.

Mtaala wa Umilisi umeipa sanaa mkondo wake katika sekondari ya juu. Naomba mwalimu mwenzangu asiujaze twiga. Mimi huwapa wanafunzi zoezi moja: chora mlango wa jirani yako saa kumi na mbili jioni. Msichana mmoja aliniletea ndoo tatu, jiko la makaa na kandambili moja ya kushoto. Nilipomuuliza ya kulia iko wapi, alijibu, "Mwalimu, ameivaa mtoto."