Je, Wajua? Kompyuta Huhesabu Viungo Vyake Kila Ikiwashwa

Je, wajua kwamba kompyuta hujikagua kabla hujaona chochote kwenye skrini? Ukibonyeza kitufe tu, ukaguzi umeanza. IBM PC ya mwaka 1981 ikijikuta nzima ilitoa mlio mmoja mfupi, basi, kazi inaendelea!

Wajua kwamba hata tundu tupu hujibu? Kompyuta ikiuliza tundu la PCI, yaani la kuchomekea kadi za ziada, lisilo na kadi, hupata tarakimu 1 zilizopangwa 16 mfululizo. Maana yake: hapa hakuna kitu.

Kila kampuni inayotengeneza kadi za PCI ina namba yake ya utambulisho. Sasa kisia ya Intel ni ipi. Ni 8086, jina lilelile la chipu yake maarufu ya mwaka 1978!

Unadhani USB ina mwisho? Upo: kidhibiti kimoja hubeba vifaa 127. Nani ana meza ya kuvitosha?

Aprili 20, 1998, mjini Chicago, Windows 98 ilikuwa ikionyeshwa hadharani, Bill Gates akiwa jukwaani. Skana ikachomekwa ili itambuliwe yenyewe. Skrini nzima ikageuka bluu, ukumbi ukalipuka kwa vicheko!

Windows XP ya mwaka 2001 nayo ilikariri sifa 10 za vifaa vya mashine yako. Ukibadilisha vingi mno, ilikutaka uiamilishe upya. Ilikuwa macho, ati!

Je, waijua Kudzu? Ilikuwa programu ya Linux ya Red Hat iliyoamka kila mashine ilipowashwa, ikalinganisha vifaa na orodha iliyohifadhiwa. Kadi mpya imeingia? Ilikuuliza. Ya zamani imetoka? Ilikuuliza pia.

Na hili je: kwenye Linux, skripti ya mistari michache tu inakutosha kufanya ulinganisho kama huo! Amri ya lspci inaorodhesha kadi, diff inalinganisha orodha ya zamani na ya leo. Alama > ni kilichoongezeka, < ni kilichotoweka. Pasipo badiliko, diff haisemi neno.

Lakini angalia: lspci haioni RAM. Hiyo iulize dmidecode, itakutajia ukubwa wa kila kipande na, mara nyingi, hata namba yake ya pekee.

Basi hifadhi orodha yako leo, kabla mashine haijaenda kwa fundi. Ikirudi, linganisha!