Unapomuuguza mgonjwa nyumbani, usijisahau

Huenda nyumbani kwako yumo mama mzee aliyepooza upande mmoja, au baba aliye na saratani. Na huenda ni wewe unayemwogesha, unayemlisha na kumfulia shuka. Je, wewe mwenyewe ulipimwa shinikizo la damu lini mara ya mwisho?

Wengi huudhika wakiulizwa hivyo. Huona ni kama wanaambiwa wamtupe mgonjwa. Mke anayemuuguza mumewe akienda kwenye chama cha akina mama kwa saa mbili tu, roho humsuta njia nzima, na akirudi hukuta jamaa wakimngoja kumwuliza alikuwa wapi. (Aghalabu wanaouliza ndio wasiowahi kulala hapo hata usiku mmoja.) Mwishowe huacha kutoka kabisa.

Lakini mwili hauna habari kwamba unachoka kwa sababu njema. Mtu mzima huhitaji angalau saa saba za usingizi kwa siku. Anayeamka kila baada ya saa mbili kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya kulalia hawezi kuzipata. Baada ya majuma machache huanza kusahau mambo, kuumwa na kichwa na kukasirika upesi. Kukosa usingizi kwa muda mrefu pia huandamana na kupanda kwa shinikizo la damu, ugonjwa ambao kwa kawaida hauonyeshi dalili yoyote. Ukipimwa mara kadhaa na kupatikana na 140/90 au zaidi, unahitaji matibabu. Asiyepimwa anaweza kukaa nao miaka mingi mpaka naye apooze, na hapo nyumba inakuwa na wagonjwa wawili.

Kuna pia wale ambao tayari wana dawa zao za shinikizo au kisukari, lakini pesa za kuzinunua huenda kwa nepi za mgonjwa na siku ya kliniki hupita wakimpikia uji. Huko si kujitolea. Ni kujitafutia kiharusi.

Mgongo nao huumia kwa sababu ya kumwinua mgonjwa vibaya. Usimvute kwa mikono. Kunja shuka mara mbili, uilaze chini yake kuanzia mabegani hadi matakoni. Mtu mmoja asimame kila upande, washike shuka karibu na mwili wa mgonjwa, wakunje magoti badala ya mgongo, kisha wamsogeze pamoja. Kitanda kikiwa chini sana, piga goti moja.

Mtu wa pili atatoka wapi? Ukisema tu "nisaidieni", kila mmoja atamngoja mwenzake. Mtaje mtu, siku na saa. Mwambie shemeji: "Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita utakaa na mama." Ndugu aliye mjini asiyeweza kuja, na alipe kibarua wa siku moja. Saa hizo nne usizitumie kufua. Lala, tembea, au nenda ukapige soga na rafiki, wala huhitaji kumweleza mtu yeyote.

Mnamo Septemba 2023 serikali ilianza kuwapa wahudumu wa afya wa vijijini na mitaani, wapatao 100,000 nchini, mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Mhudumu akija kumwona mgonjwa wako, nawe nyosha mkono upimwe. Vituo vinavyohudumia walio na maradhi mazito, kama vile Nairobi Hospice iliyoanzishwa mwaka 1990, huzungumza pia na jamaa za mgonjwa.

Jambo moja watu huona haya kulisema. Kuna usiku utamkasirikia mgonjwa, hata uwaze kwamba afadhali angepumzika. Mawazo hayo huwajia wengi wanaouguza na hayamaanishi kwamba humpendi. Lakini ukihisi unataka kumpiga, mwite mtu mwingine akae naye, nawe utoke nje. Na kama kwa majuma mawili huli, unalia ovyo au huoni haja ya kuishi, nenda hospitali bila kukawia. Ukifika, mweleze daktari kwamba unauguza mtu nyumbani, kwani usipomwambia atakupa dawa ya kichwa na kukurudisha.