SOMO LA REDIO: PROGRAMU IPI IFUNGUE VIDEO?

Somo letu la leo ni juu ya video zilizomo katika kompyuta, na jinsi ya kuchagua programu ya kuzifungua.

Huenda mtu ameletewa video ya maziko ya baba yake, imo ndani ya flashi. Anaibonyeza, kompyuta inakataa, au sauti inasikika bila ya picha. Naye husema, "Imeharibika," akaifuta. Hiyo ni hasara isiyolipika, maana mara nyingi video ni nzima. Iliyoshindwa ni programu. Basi usifute kitu kabla hujajaribu programu nyingine.

Kwanza, tazama mwisho wa jina la faili. Baada ya nukta huwa pana herufi chache: mp4, au avi, au mkv. Windows husoma herufi hizo ili ijue iite programu gani. Lakini kwa kawaida huzificha. Katika Windows 11, fungua kabrasha lenye video, bonyeza "View", kisha "Show", kisha "File name extensions". Hapo utaziona.

Pili, fahamu kwamba herufi hizo ni jina la kasha tu. Ndani ya kasha mna picha na sauti zilizobanwa ili zisichukue nafasi kubwa, na njia za kubana ni nyingi. Programu isiyoijua njia iliyotumika haiwezi kuzikunjua. Ndiyo sababu yaweza kuwa una makasha mawili ya mkv, moja likafunguka na la pili likakataa. Wala kubadili herufi za mwisho hakuleti dawa. Ukibandika karatasi ya "sukari" juu ya debe la chumvi, chumvi haigeuki.

Tatu, tafuta programu ijuayo njia nyingi. Mojawapo ni VLC, ambayo mwanzo wake ni kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, huko Ufaransa, mwaka 1996. Haiuzwi, hutolewa bure. Alama yake ni koni ya rangi ya machungwa, kama zile ziwekwazo barabarani. Ichukue katika tovuti ya wenyewe, videolan.org, si popote pengine.

Nne, fuata hatua hizi katika Windows 11:

1. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya.
2. Katika orodha itakayotokea, chagua "Open with", maana yake "Fungua kwa".
3. Chagua "Choose another app", yaani programu nyingine.
4. Bonyeza jina la programu uitakayo.
5. Ukitaka kujaribu tu, bonyeza "Just once", yaani mara hii tu. Ukisharidhika, rudia hatua hizi na ubonyeze "Always", yaani siku zote.

Kila aina ya faili ina chaguo lake. Ukichagua programu ya mkv, mp4 hubaki na ile ya zamani. Tena, chaguo lako si kifungo. Waweza kulibadili siku yoyote kwa hatua zizo hizo.

Mwisho, jihadhari. Jina likiishia kwa exe, kama vile "harusi.mp4.exe", hiyo si video, ni programu, na yaweza kuwa imetumwa kukudhuru. Usiifungue. Herufi zikiwa zimefichwa, ungeona "harusi.mp4" tu, ukadanganyika. Hiyo ndiyo faida ya kuzifichua.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini si vema kufuta video iliyokataa kufunguka?
2. Herufi za mwisho wa jina zatuambia nini, na hazituambii nini?
3. Lini utabonyeza "Just once", na lini "Always"?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.