Utando mwembamba unaomkinga mwanaanga na jua kali

JUNI 5, 1966, mwanaanga Eugene Cernan wa Marekani alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A na kuelea angani kwa zaidi ya saa mbili. Nusura asirudi.

Alivuja jasho hadi kioo cha kofia yake kikajaa ukungu, akalazimika kukisugua kwa pua ili apate pa kuchungulia. Mgongoni alihisi anaungua. Tabaka za ndani za vazi lake zilikuwa zimefumuka, na joto la jua likapenya.

Nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, joto juani hufikia nyuzi 120 za Selsiasi. Kivulini hushuka hadi nyuzi 157 chini ya sifuri. Hakuna hewa wala upepo, hivyo joto la jua humfikia mwanaanga kwa miale pekee. Atakayeirudisha miale hiyo ndiye atakayesalimika.

Vazi la NASA linalotumika kituoni humo lina tabaka 14. La nje ni jeupe ili lirudishe mwanga. Chini yake zimo karatasi nyembamba za plastiki zilizopakwa aluminiamu. Miale inayoponyoka karatasi ya kwanza hukutana na ya pili, kisha ya tatu. Gizani, karatasi hizo hizo huzuia joto la mwili lisipotee. Kioo cha kofia nacho hupakwa dhahabu nyembamba mno: mtu anaona, lakini miale ya joto inarudishwa.

Hata hivyo, vazi linalozuia joto kuingia hulizuia pia kutoka. Vazi la Cernan lilipoozwa kwa hewa tu, ikamshinda. Kwa safari za Apollo, wahandisi waliongeza nguo ya ndani yenye mirija ya maji baridi. Desemba 1972, Cernan yuleyule alifanya kazi mwezini kwa jumla ya saa 22, akarejea salama.

Somo hilo linaihusu kanda yetu. Setilaiti ndogo za kwanza za Kenya (2018), Rwanda (2019) na Uganda (2022) ziliachiliwa kutoka kituo hicho hicho. Hazikubeba mtu, lakini kila baada ya takriban dakika 90 zilitoka juani, zikaingia kivulini, zikarudi tena. Betri, kama alivyo mwanaanga, haivumilii mabadiliko hayo bila kinga.