Je, Wajua? Gramafoni ya Kadibodi

Je, wajua kwamba iliwahi kutengenezwa gramafoni ya kadibodi, isiyohitaji umeme wala betri, ili wasiojua kusoma wasikie habari za Biblia kwa lugha ya nyumbani kwao? Unaikunja, unaweka santuri, kisha unaizungusha santuri kwa mkono ukitumia kijiti au penseli. Sindano ikipita kwenye mifereji ya santuri, kadibodi yenyewe hutetemeka na kutoa sauti.

Chanzo cha kazi hiyo ni Joy Ridderhof, mmisionari Mmarekani aliyetumikia Honduras hadi malaria ilipomrudisha Los Angeles, dhaifu. Mwaka 1939 alianzisha shirika la Gospel Recordings kwa santuri za Kihispania. Lugha nyingine zikafuata, baadhi yake zikiwa hazijawahi kuandikwa.

Ridderhof na wenzake waliwezaje kurekodi lugha wasiyoijua? Hapa ndipo penye ufundi ninaoustahi sana. Walimtafuta mwenyeji ajuaye lugha ya pili, wakamtajia sentensi moja fupi. Yeye akaisema kwa lugha yake mbele ya kinasa sauti. Kisha sentensi nyingine, na nyingine. Baadaye maelekezo yote yalikatwa na vipande kuunganishwa, hata msikilizaji asimsikie mgeni anayebabaika, bali mtu wa kwao akizungumza kwa lafudhi anayoifahamu tangu utotoni.

Leo shirika hilo, linaloitwa Global Recordings Network, lina rekodi za lugha na lahaja zaidi ya 6,000, na nyingi husikilizwa kwa simu ya mkononi.