Kifungo Bila Hakimu

Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ambayo mahakama inafunguliwa. Awe ameshukiwa kuiba kuku au kuua mtu, haki hiyo ni yake. Mama aliyejifungua salama, akakaguliwa na daktari na kuandikiwa ruhusa ya kwenda nyumbani, lakini hana pesa za kulipa bili, hapewi saa 24 za namna hiyo. Hakuna hakimu anayemsikiliza wala karatasi ya mashtaka. Anayeamua abaki ni karani wa uhasibu, na anayetekeleza uamuzi huo ni mlinzi wa getini.

Utaratibu wenyewe unajulikana na kila aliyewahi kumtoa ndugu hospitalini. Mgonjwa hatoki bila kibali, na kibali hakitolewi mpaka risiti ionekane. Asiyelipa hurudishwa wodini. Kitanda chake huenda kimeshapewa mgonjwa mpya, kwa hiyo hulala wawili wawili au chini. Daktari hana sababu ya kupita kumwona tena, lakini ada ya kitanda inaendelea kuhesabiwa. Aliyeshindwa kulipa jana anadaiwa zaidi leo, na kilichoongeza deni ni kule kuzuiliwa kwenyewe. Ndugu wanaitisha mchango kwa simu, wanaacha kitambulisho cha taifa au hati ya shamba kama dhamana, wanamtafuta diwani. Ndiyo maana wanaokaa muda mrefu kuliko wote si wale wenye madeni makubwa kuliko wote. Ni wale wasio na mtu wa kumpigia simu: msichana aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya mimba, mfanyakazi wa ndani aliyetelekezwa na mwajiri, mkimbizi, mzee asiye na mtoto mjini. Kizuizi hiki huwachuja watu kwa unyonge wao, na aliye mnyonge zaidi ndiye anayebaki mwisho.

Sheria haikukosa kulisema jambo hili. Mwezi Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Nairobi alitoa hukumu katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa mwaka 2010 katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa. Mmoja wao alilazwa sakafuni, karibu na choo, na mtoto wake mchanga. Jaji alisema kizuizi kile hakikuwa na msingi wowote wa kisheria. Kilivunja haki ya uhuru, haki ya utu na haki ya afya, tena kilikuwa ni kuwatendea watu kikatili. Aliamuru walipwe fidia, shilingi milioni 1.5 kwa mmoja na 500,000 kwa mwingine. Jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko fidia ni kwamba aliitaka serikali ichukue hatua za kisheria na za kisera kukomesha desturi hiyo, na iweke taratibu zinazoeleweka za kuwasamehe ada wasio na uwezo.

Hoja iliyo chini ya hukumu hiyo ni rahisi, na inastahili kurudiwa hadi kila msimamizi wa hospitali aijue. Deni ni deni. Hospitali inayodai ina njia zile zile alizonazo mwenye duka au benki: iandike, idai, ikubaliane malipo ya kidogo kidogo, ikishindikana iende mahakamani. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1972 na Tanzania mwaka 1976, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Hata sheria ya Kenya inayoruhusu mdaiwa kupelekwa gereza la madai inataka kwanza aitwe mbele ya mahakama na aulizwe kama ana mali anayoificha. Mfanyabiashara aliyekula mkopo wa mamilioni anapata nafasi ya kujieleza. Mzazi mwenye mshono mbichi haipati.

Basi kwa nini desturi hii haikufa baada ya hukumu? Jibu linaanzia mbali kidogo. Baada ya uhuru, serikali za Afrika Mashariki zilichukua matibabu kuwa deni lao kwa wananchi. Kenya iliondoa ada za wagonjwa wa nje mwaka 1965. Miaka ya 1980 ikaja na uchumi uliodorora na masharti ya wakopeshaji, na mwaka 1987 Benki ya Dunia ikachapisha waraka wa sera uliohimiza wagonjwa watozwe ada. Kenya ikaanza kuchangisha gharama mwaka 1989, Tanzania ikafuata mwaka 1993. Pamoja na ada ukaja msamaha. Tanzania iliandika kwamba wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza hawatatozwa. Kosa la mpango ule, kwa maoni yangu, ni kwamba msamaha uliandikwa bila kutengewa fedha. Ofisa wa ustawi wa jamii anayesaini karatasi ya msamaha anatumia pesa ambayo hospitali yake haitarudishiwa na mtu. Akisaini mara nyingi, duka la dawa linakauka na mganga mkuu anamwita ofisini. Akikataa, mgonjwa anabaki wodini. Ofisa yule hana chaguo la tatu, na waliotunga sera walikuwa na fursa ya kumpa.

Burundi inaonyesha vizuri ni nini hubadilika pale mlipaji anapopatikana. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch, kwa kushirikiana na chama cha haki za binadamu cha APRODH, lilitoa ripoti kuhusu wagonjwa waliofungiwa katika hospitali za nchi hiyo, miongoni mwao akina mama waliopasuliwa wakati wa kujifungua na watoto wadogo. Mei mwaka huo huo Rais Pierre Nkurunziza alikuwa ametangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano vitakuwa bure. Geti likawafungukia wale waliotajwa katika tangazo. Mwanamume aliyevunjika mguu kwa ajali ya barabarani hakutajwa, naye akaendelea kukaa. Hospitali ni ile ile na walinzi ni wale wale. Tofauti ya wagonjwa hao ilikuwa moja, nani atawalipia. Hata hivyo tangazo nalo lilitangulia maandalizi. Wodi zilijaa kabla dawa na wahudumu hawajaongezwa, na baadaye ndipo utaratibu wa kuzilipa hospitali kwa kila huduma iliyotolewa ulipopata sura.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Kongo, hali imekuwa nzito zaidi. Waandishi wa habari waliotembelea hospitali na zahanati zaidi ya 20 mjini Lubumbashi mwaka 2018 walikuta ni moja tu isiyokuwa na mazoea ya kuwazuia wasiolipa. Lubumbashi ni mji wa shaba na kobalti, na utajiri unaopita katika barabara zake kila siku unaufanya ukweli huo uwe mchungu maradufu. Kongo ilianza kutoa huduma ya uzazi bila malipo mjini Kinshasa mwaka 2023, na hiyo ni hatua ya kuipongeza. Lakini kama ilivyokuwa Burundi, msamaha wa uzazi unamwacha nje kila mgonjwa ambaye hakulazwa kwa uzazi.

Nimewasikia wasimamizi wa hospitali wakijitetea, na sitaki kuwafanya mashetani. Gesi ya oksijeni inalipiwa, mishahara inadaiwa, na hospitali ndogo ya binafsi ikisamehe wagonjwa kumi inaweza kushindwa kununua dawa za wagonjwa mia. Wanasema pia kwamba wapo wenye uwezo wanaokwepa kulipa, nao hawasemi uongo. Ila kizuizi hakiwapati hao. Mwenye gari na akaunti ya benki ana wakili, na kesho yake asubuhi yuko nyumbani. Na anayezuiliwa kwa ukata hazalishi pesa akiwa wodini. Hauzi sokoni, halimi, hafui nguo za watu. Hospitali inamnyima njia pekee ambayo angeitumia kulilipa deni hilo.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inafanya kuwa kosa la jinai hospitali kukataa kutoa matibabu ya dharura ilhali ina uwezo wa kuyatoa. Kifungu hicho ni muhimu. Lakini kinalinda mlango wa kuingilia peke yake. Kuhusu mgonjwa anayezuiwa kutoka, raia ameachiwa hukumu za mahakama, na hukumu inamfaa yule mwenye shirika la kumpeleka mahakamani. Wanawake wa Pumwani walisubiri miaka mitano, tena wakisaidiwa na mawakili wa haki za uzazi. Ufilipino ilichagua njia nyingine mwaka 2007. Ilitunga sheria mahususi inayompa mgonjwa haki ya kuondoka kwa kusaini hati ya kuahidi kulipa, pamoja na dhamana au mdhamini, na inayomwadhibu ofisa wa hospitali anayemzuia, kwa faini au kifungo cha hadi miezi sita. Sheria hiyo ina upungufu, maana asiye na mdhamini hubaki kwenye mashaka, na waliolazwa vyumba vya binafsi hawamo. Hata hivyo imempa mgonjwa kifungu cha kumwonyesha mlinzi pale pale getini, bila kungoja jaji.

Bima ya afya ya jamii iliyoanza Kenya tarehe 1 Oktoba 2024 ingeweza kulimaliza tatizo hili kwa sehemu kubwa. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na ajira rasmi anapimwa uwezo, na cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, zilipwe za mwaka mzima kwa pamoja. Kwa mama muuza mboga, shilingi 3,600 kwa mkupuo ni mtaji wa biashara. Uchungu ukimshika kabla hajazikusanya, anaingia hospitali kama alivyoingia mwenzake wa Pumwani mwaka 2010. Na hata aliyelipa hana hakika, kwa sababu mwaka 2025 hospitali binafsi zililalamika hadharani kuhusu malipo ya bima yanayochelewa, na nyingine zikataka fedha taslimu. Serikali ikichelewa kulipa, anayeshikwa ni mgonjwa. Tanzania, iliyopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, ina nafasi ya kuyatazama haya mapema.

Kizuizi hiki huwafuata hata marehemu. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Mombasa, katika shauri dhidi ya hospitali moja ya mji huo, ilishasema kwamba maiti si mali na haiwezi kushikwa rehani kwa ajili ya deni. Miaka mingi imepita, na bado familia zinachangishana nje ya vyumba vya maiti. Katika mwambao wa Pwani, ambako wengi huzika siku ile ile, kila saa ya kusubiri ni jeraha juu ya msiba.

Ninachokitaka kinaweza kuandikwa katika kifungu kimoja. Mgonjwa akisharuhusiwa na daktari, ada zote zikome saa hiyo hiyo na aondoke akiwa amekiri deni kwa maandishi. Ofisa wa ustawi wa jamii atoe uamuzi wa msamaha ndani ya saa 24, na kiasi alichosamehe kirudishwe na mfuko wa umma kwa tarehe inayojulikana. Anayemzuia mgonjwa baada ya hapo ashtakiwe yeye aliyetoa amri, mlinzi aachwe. Na kila hospitali, ya serikali au ya binafsi, iwe na daftari la walioruhusiwa na daktari ambao usiku huo bado wamelala wodini, likaguliwe kila mwezi. Polisi hutakiwa kuandika jina la kila mtu aliyelala rumande. Mama wa Pumwani hakuandikwa katika daftari lolote la waliozuiliwa, kwa sababu kwenye vitabu vya hospitali alihesabiwa kuwa bado ni mgonjwa.