Mjusi wa Tendaguru na Anwani Zake Mbili

Mjusi mkubwa wa Tendaguru amesimama Berlin, katika ukumbi mkuu wa makumbusho ya elimu ya viumbe, Museum für Naturkunde. Kimo chake kinapita mita 13, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani inayomzidi kwa urefu wa kwenda juu. Wageni huinua vichwa mpaka shingo zikawauma. Kilima alikotoka kiko kilomita kama 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, na anayefika huko anakuta vichaka, nyasi na udongo ambao bado una mifupa ndani yake.

Kwa miaka mingi tumeuliza swali moja juu ya mnyama huyu: arudi au asirudi? Ni swali la haki, na limefika hata bungeni. Lakini liko swali jingine ambalo sayansi inalijua vizuri: je, mfupa ukishatolewa ardhini, ni kiasi gani cha habari zake huondoka nao, na ni kiasi gani hubaki pale shimoni? Kwa mjusi wa Tendaguru jibu ni kwamba habari ziligawanyika. Nusu iko Berlin, nusu iko Lindi, na anayeshika upande mmoja tu hamjui mnyama huyu.

Mwaka 1906 mhandisi wa migodi wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alikuwa akisafiri kusini ya mto Mbemkuru alipoona mifupa mikubwa imechomoza ardhini. Nchi ile ilikuwa bado katika machungu ya Vita vya Maji Maji. Majeshi ya Kijerumani yalikuwa yamechoma mashamba na maghala, na njaa ilikuwa imeua watu wengi kusini kote. Mwaka uliofuata mtaalamu wa visukuku kutoka Stuttgart, Eberhard Fraas, alikuja kuthibitisha. Kisha, kuanzia 1909 hadi 1913, makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji mkubwa ulioongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig.

Lakini walioshika majembe walikuwa Waafrika, na katika misimu ya kazi nyingi walifika kama 500. Mnyapara mkuu wao alikuwa Boheti bin Amrani. Yeye na wenzake walijifunza kazi ambayo hadi leo ni ngumu: kuufuata mfupa uliopasuka vipande mia bila kuupoteza, kuutenga na udongo, kuufunga kwa matope na mianzi ili usivunjike njiani. Wanyama wa kubeba mizigo hawakuweza kutumika kwa sababu ya mbung'o. Kwa hiyo zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi, kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mfupa mzito sana ulitundikwa kwenye miti na kubebwa na watu wengi kwa pamoja. Tukitaja majina ya maprofesa bila kutaja kazi hii, tunasimulia hadithi ya uongo.

Kule Berlin kazi ilichukua miongo. Janensch alimpa mnyama jina Brachiosaurus brancai mwaka 1914, lakini umma haukumwona amesimama hadi 1937. Na ifahamike kwamba yule aliyesimama si mnyama mmoja. Sehemu kubwa ni ya mnyama mmoja, mapengo yakajazwa kwa mifupa ya wengine waliolingana naye na kwa vipande vya bandia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alishushwa na kufichwa, na ni vyema, kwani mabomu yalibomoa sehemu ya jengo na kuharibu mifupa mingine ya Tendaguru isiyo na mbadala.

Kuwapo kwa mifupa ya Tendaguru kabatini na ukumbini kumezaa elimu ambayo wachimbaji hawakuiota. Mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Martin Sander, alitoboa mifupa mirefu ya majitu ya Tendaguru na kutoa vipande vyembamba vya ndani, akavisoma kwa hadubini. Tishu zake zilionyesha wanyama waliokua kwa kasi, si polepole kama mamba. Mwaka 2009 Mwingereza Michael Taylor alilinganisha mifupa ya Berlin na ile ya Brachiosaurus wa Marekani, mfupa kwa mfupa, akakuta tofauti nyingi mno kwa wanyama wa jenasi moja. Tangu hapo mjusi wetu anaitwa Giraffatitan, jina linalomfananisha na twiga, na kwa hakika miguu ya mbele iliyopita ya nyuma kwa urefu inastahili jina hilo.

Hiyo ndiyo nusu ya Berlin. Haituambii mnyama huyu aliishi wapi, alikunywa maji gani, wala kwa nini wengi walifia mahali pamoja. Majibu hayo yamo katika tabaka za ardhi, na tabaka hazipakiwi melini.

Ukikata ardhi ya Tendaguru unakuta tabaka zenye mifupa ya dinosaria zikipishana na tabaka zenye makombe ya baharini. Maana yake ni kwamba, takribani miaka milioni 150 iliyopita, bahari ilikuwa ikipanda na kushuka juu ya nchi hii ya pwani, wakati bara kuu la kusini, Gondwana, lilipokuwa likipasuka. Ni makombe na viumbe vya baharini vinavyosaidia kukadiria umri wa mifupa. Mfupa pekee hauna tarehe. Baadhi ya miguu ya majitu yale ilikutwa imesimama wima, kana kwamba wenyewe walinasa kwenye tope.

Mwaka 2000 wataalamu wa Kijerumani na Kitanzania walirudi Tendaguru pamoja, na safari hii hawakufuata majitu. Walipima tabaka, wakakusanya udongo wa kuchekecha, wakatafuta chavua na visukuku vidogo. Picha iliyojengeka ni ya pwani yenye wangwa na maji yaliyozibwa na matuta ya mchanga, na bara yake kuna misitu ya miti ya jamii ya misonobari ambayo leo imetoweka. Mvua zilikuwa za msimu, na kiangazi kikali. Wataalamu wanadhani makundi yalisogea pwani kutafuta maji na malisho, na ukame ulipozidi yakafia hapo. Habari hizi haziwezi kusomwa kwenye mfupa wa ukumbini, hata ukiutazama miaka mia.

Tendaguru pia iliwaandaa watu wa mahali pengine maarufu. Hans Reck, aliyeongoza msimu wa mwisho wa Wajerumani, ndiye aliyechimba bonde la Olduvai mwaka 1913. Waingereza walipokuja Tendaguru mwaka 1924, kijana Louis Leakey alikuwa miongoni mwao, na ni mkewe, Mary, aliyeokota fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Fuvu hilo, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75, lilikabidhiwa Tanzania mwaka 1965 na makao yake ni Dar es Salaam. Umri wake ulipatikana kwa kupima majivu ya volkano yaliyokuwa pamoja nalo shimoni. Hapa tena: fuvu lilikuwa na la kusema kwa sababu kuna aliyeandika liliketi wapi.

Nyayo za zamadamu za Laetoli, nazo za Tanzania, ni kisa cha upande mwingine. Zilikanyagwa miaka milioni 3.66 iliyopita kwenye majivu ya volkano, zikafichuliwa 1978, na haziwezi kubebwa bila kuharibiwa. Zikafukiwa tena. Mizizi ya migunga ikazivamia, na katika miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na taasisi ya Getty ya Marekani zilizifukua, zikaitoa mizizi, zikazifunika kwa namna bora zaidi. Mwaka 2016 watafiti Watanzania, akiwamo Fidelis Masao, walitangaza nyayo nyingine karibu na hapo. Hazina ile iko mahali pake, na mgeni haioni. Mimi sioni hasara katika hilo.

Huko Berlin mifupa ya Tendaguru bado inazaa majina mapya. Baadhi ya mizigo ilikaa imefungwa kwa mianzi ileile kwa zaidi ya karne. Mwaka 2007 dinosaria mmoja aliitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya mnyapara mkuu. Mwaka 2019 pingili za mkia zilizokuwa zimewekwa kwa muda mrefu kwenye jina la mnyama mwingine zilitambuliwa kuwa za dinosaria wa aina ya pekee, naye akaitwa Wamweracaudia keranjei: sehemu ya kwanza kwa Wamwera ambao ardhi ni yao, ya pili kwa Mohammadi Keranje, mmoja wa wanyapara wa uchimbaji. Ningependa majina hayo mawili yaandikwe pia kule kilimani, kwa Kiswahili, pamoja na orodha ya kila tabaka na kilichopatikana ndani yake, ili mwanafunzi wa Lindi asimame penye shimo na kusoma kitabu kizima cha ardhi ile kabla hajaona picha ya ukumbi wa Berlin.